Mwenzako akizimia, usimukimbie

Bandugu vijana wa Kikula, Panda, Shituru na Likasi yote!

Leo tunasema wazi mambo tunayoongea kwa siri tu. Wenzetu wengi wanakunywa tramadoli ya barabarani ao kinini cha nguvu za kiume, pamoja na lutuku, mbele ya kulala na mtu. Hatukuja kuhukumu mtu. Tunataka wote tubaki wazima.

Tramadoli ni dawa ya maumivu. Ukizidisha, inaweza kuleta kifafa. Ukiichanganya na pombe, pumzi inapungua, mtu analala asiamke. Kinini cha nguvu nacho, kwa mwenye kutumia dawa ya moyo ya nitrati, kinashusha presha gafula. Basi, usichanganye, usiongeze kinini juu ya kingine, usikunywe ukiwa peke yako.

Kapote iwe mfukoni mbele ya kufungua chupa. Ikipasuka ao ukisahau, kimbia kwenye kituo cha afya: dawa ya kuzuia virusi vya SIDA inaanzwa ndani ya saa 72. Aliyelazimishwa aende pia. Na mtu aliyelewa hoi hajakubali kitu.

Mwenzako akizimia, mulaze ubavu, mupeleke hospitali, useme alikunywa nini. Wengi wanakimbia juu ya haya na woga wa polisi.

Ndiyo maana tunadai kwa wakubwa wa afya wa muji wetu: kapote na dawa hiyo zipatikane hata usiku, bila matusi, bila kuita polisi.