DIZELI YA MBEGU: KINU NI CHA NANI?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, Kericho)



Hapa Kericho na Bomet ziko bado nyumba zinazowasha koroboi. Ndiyo sababu nasema juu ya dizeli ya mbegu.

Si uchawi. Mwaka 1900, katika maonyesho ya Paris, injini ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mbegu hukamuliwa, mafuta huchanganywa na methanoli na soda kali, glisirini hutengwa, dizeli hubaki. Yafaa kwa jenereta na mashine ya kusaga.

Lakini tujihadhari. Wakulima wengi wa Kenya walihimizwa kupanda mbono kaburi. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha mavuno haba; ulishauri upandwe kuwa ua wa shamba tu. Huku kwetu kwenye baridi humea msine, na mbegu zake zina mafuta.

Basi, ndugu, tusing'oe chai wala mahindi. Akija mnunuzi tumwulize: bei ya kilo imeandikwa wapi? Kinu ni cha nani? Auzaye mbegu tu atabaki na koroboi yake. Kinu kiwe cha ushirika, na taa itakuwa yetu.