Nyimbo za Uhuru Tusiziache Zife
(Hotuba ya Katibu kwa wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Hesabu za kahawa mmekwisha kuzisoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi twapenda kunena juu ya mali isiyopimwa kwa mizani, nayo ni nyimbo za uhuru.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, wananchi wengi hawakujua kusoma. Habari zilienea kwa miguu, kwa baiskeli na kwa nyimbo. Kule Dar es Salaam Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba, aliwaendea wanawake wenzake wa ngoma, nao wakawa nguzo ya chama. Vikundi hivyo vilikwisha kuwa na viongozi, michango na desturi ya kusaidiana harusini na msibani. Je, huo si ushirika? Basi uhuru wa tarehe 9 Desemba, 1961, uliimbwa kabla ya kupatikana.

Nasi wa Tunduma tunao ushahidi mlangoni petu. Wimbo wetu wa Taifa na ule wa Zambia, iliyopata uhuru tarehe 24 Oktoba, 1964, una sauti moja, iliyotungwa na Enoch Sontonga wa Afrika ya Kusini mwaka 1897. Mpaka uligawa nchi, wimbo haukugawanyika.

Lakini nyimbo hizo kubwa zina walinzi. Zile za vijijini mwetu, za Kinyiha na Kinyamwanga, hazina. Tulimwendea bibi mmoja mwanachama, aliyekuwa msichana mdogo siku ya uhuru. Alituimbia wimbo wa mama yake. Alipofika ubeti wa tatu akanyamaza. Akasema, "Wajukuu zangu, aliyekuwa akinipokea hapa tulimzika mwaka jana."

Ndugu, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Chama kikivunjwa, sheria yaweza kukirudisha. Mzee akifa na wimbo wake, hakuna sheria ya kuurudisha.

Kwa hiyo twaomba kila chama cha msingi kichague vijana wawili. Wawaendee wazee, wanase sauti kwa simu zao, waandike maneno kwa lugha yake na kwa Kiswahili, pamoja na jina la mwimbaji na kijiji chake. Wasichague nyimbo za sifa tu. Na zile za malalamiko ziandikwe vilevile, kwa kuwa uhuru ulitokana na malalamiko.

Watakuwapo watakaosema kwamba fedha ya mkulima ni ya mbolea. Ni kweli. Kazi hii haiombi hata senti moja ya malipo ya kahawa. Yaomba jioni chache tu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kahawa tunalo. La nyimbo na tulifungue leo, wenye nyimbo wangali wameketi nasi.