Kiu kando ya ziwa

Msikilizaji, Nyegezi, jijini Mwanza, ina ziwa mlangoni, lakini anayeharisha pale anaweza kufa kwa kuishiwa maji mwilini. Maji matupu hayamtoshi. Kuharisha humwaga pia sodiamu na potasiamu, madini yanayoshikilia maji mwilini na kuendesha mapigo ya moyo. Kwenye ukuta wa utumbo, sukari huvuka pamoja na sodiamu, na maji huzifuata. Kwa kanuni hiyo, mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis aliokoa wakimbizi wengi wa Bangladesh waliougua kipindupindu kambini India. Sioni sababu ya nyumba yoyote kukosa pakiti ya ORS, unga wa sukari na chumvi wa kurudisha maji mwilini. Ikorogeni katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha mpelekeni mgonjwa zahanati huku akiendelea kunywa.