Mgombea Mwenza Naye Anagombea Urais



Usiku wa Machi 17, 2021 Watanzania tulitangaziwa kifo cha Rais John Magufuli. Aliyetupa taarifa hiyo ni Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, na siku mbili baadaye yeye mwenyewe aliapishwa Ikulu, Dar es Salaam, kuwa Rais. Hapakupigwa kura nyingine. Ibara ya 37 ya Katiba ilikwisha kulimaliza jambo hilo: kiti kikiwa wazi kwa sababu ya kifo, Makamu huapishwa na kukaa mpaka kipindi kiishe. Muhula wenyewe ulikuwa umeanza Novemba 5, 2020, kwa hiyo kilichobaki kilizidi miaka minne na nusu. Katiba inakiona kipindi kama hicho kuwa kirefu kiasi kwamba anayekirithi anaruhusiwa kugombea mara moja tu baada yake.

Turudi nyuma miezi michache, Oktoba 2020. Karatasi ya kura ya urais ilikuwa moja na alama ya vema ilikuwa moja. Wangapi waliingia kituoni wakijua kwamba kwa alama ile walikuwa wanachagua marais wawili, mmoja wa leo na mwingine wa dharura? Naamini ni wachache, na lawama siwatupii wao. Kampeni zetu humsimamisha mgombea mwenza jukwaani amwombee mwenzake kura, si ajieleze yeye ni nani na angefanya nini.

Wapo wanaosema Makamu hana kazi, basi kwa nini tujisumbue naye? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ibara ya 47 inamwita msaidizi mkuu wa Rais, inampa ufuatiliaji wa mambo ya Muungano, na kwa sehemu kubwa inamwachia kazi atakazoelekezwa na Rais. Siku za kawaida anaweza kuwa na shughuli ndogo. Lakini hatumchagui kwa ajili ya siku za kawaida.

Utaratibu wetu wa mgombea mwenza, uliotumika kwa mara ya kwanza mwaka 1995, unataka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Ni sharti la busara na silipingi hata kidogo. Ninachokipinga ni mazoea ya kuacha kuuliza lolote sharti hilo likishatimia. Mama Samia alikuwa waziri Zanzibar tangu mwaka 2000, mbunge wa Makunduchi na waziri wa Muungano kuanzia 2010, na Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Hayo ni maisha marefu ya utumishi, yanayoweza kupimwa, kusifiwa na kukosolewa. Lakini mwaka 2015, alipokuwa mgombea mwenza, mazungumzo mengi mitaani yaliishia kwamba ni mwanamke na ni Mzanzibari.

Na utayari si wasifu peke yake. Utayari ni pamoja na fikra. Mwaka 2020 serikali iliacha kutoa takwimu za korona, na mapema mwaka 2021 Rais Magufuli hakuficha mashaka yake juu ya chanjo. Aprili 2021 Rais mpya aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 alichanjwa hadharani. Kura zilikuwa zilezile, chama kilekile, ilani ileile, lakini mwelekeo katika jambo la uhai na kifo ulibadilika. Mimi naona ulibadilika kuwa bora. Mwingine anaweza kuona vinginevyo, na sote wawili tulistahili kujua mapema mgombea mwenza ana mtazamo gani.

Malawi walipitia makali zaidi. Joyce Banda alichaguliwa pamoja na Bingu wa Mutharika mwaka 2009, wakakosana, akafukuzwa chamani, akaanzisha chama chake huku akibaki Makamu wa Rais. Mutharika alipofariki Aprili 2012, baadhi ya mawaziri walijaribu kumzuia, lakini Katiba ilishinda na Banda akaapishwa. Mwezi uliofuata alishusha thamani ya kwacha, hatua ambayo mtangulizi wake aliikataa kwa muda mrefu.

Utayari mwingine hutolewa, au hunyimwa, na Rais mwenyewe. Marekani, Januari 1945, Harry Truman alianza kazi ya Makamu chini ya Franklin Roosevelt, ambaye viongozi wa chama waliona dhahiri kwamba afya yake imedhoofika. Siku 82 baadaye Roosevelt akafa. Jioni ileile ya Aprili 12, baada ya kiapo na kikao kifupi cha baraza, Waziri wa Vita Henry Stimson alibaki nyuma akamdokezea Rais mpya kwamba kuna silaha kubwa inayotengenezwa. Maelezo kamili ya bomu la atomiki aliyapata Aprili 25. Mtu aliyekuwa hatua moja kutoka urais, nchi ikiwa vitani, hakuwa ameambiwa. Ndiyo maana mgombea urais naye lazima aulizwe: huyu uliyemchagua utamshirikisha nini?

Jirani zetu wa Kenya wamepiga hatua. Katiba yao ya 2010 inataka mgombea mwenza awe na sifa zote za kugombea urais, na Julai 2022 wagombea wenza walikutana kwenye mdahalo jijini Nairobi, Rigathi Gachagua na Martha Karua wakijibu maswali mbele ya nchi nzima. Mdahalo haukuwa dawa ya kila kitu, kwani Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa Gachagua madarakani. Lakini hakuna Mkenya anayeweza kusema alinyimwa nafasi ya kumsikia kabla ya kupiga kura.

Naomba nasi tufanye hivyo. Tume ya Uchaguzi iweke mdahalo wa wagombea wenza kwenye ratiba ya kampeni, vyama vikubali, na wahariri wauombe hata vyama vikisita. Nanyi wanafunzi, mgombea mwenza akifika mjini kwenu, mwulizeni angefanya nini akiapishwa kesho asubuhi, na msikubali ajibu kwa jina la mwenzake.