Maji ya Paa Yaende Chooni

Leo tuzungumzie choo. Cheka tu, lakini usiondoke.

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tunakaa nyumba za kupanga. Bomba likikauka mnanunua maji kwa ndoo. Maji hayo hayo mnakunywa, mnapikia, halafu mnayamwaga chooni! Akiba ikipungua, cha kwanza kusahauliwa ni choo. Mtu anatoka hajamwaga maji wala hajanawa mikono. Nzi hawachelewi, na baada ya nzi ni kuhara.

Sasa masika, Machi hadi Mei, maji ya bure yanateremka kwenye bati na kwenda zake mtaroni. Hebu tufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Paa lako ni mita 8 kwa 6, na mvua ni milimita 20: lita 960! Hata ukitoa yale yanayoruka pembeni, pipa la lita 200 litajaa na kufurika. Choo cha kuchuchumaa kinatosheka na lita 3 hivi, kwa hiyo pipa moja ni safari zaidi ya 60. Na hayo ni madumu 10 ambayo dada zetu hawatayabeba kichwani (kaka, wewe ulikuwa wapi?).

Maji ya paa yana vumbi na vinyesi vya ndege. Choo hakichagui, ila wewe usiyanywe hivi hivi. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, ndipo ukinge. Kopo la chooni lisiingie kwenye ndoo ya kunywa.

Lakini pipa lililo wazi ni balaa jingine. Mbu wa homa ya dengi anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo kama hilo pipa lako, tena anauma mchana. Jiji hili lilipata mlipuko wa dengi mwaka 2010, 2014 na 2019. Basi funika pipa kwa kitambaa chepesi kisicho na tundu, ukikaze kwa mpira wa baiskeli. Maji yakiisha, sugua kuta za pipa kwa brashi kabla mvua nyingine haijaja, maana mayai ya mbu huyu yananata ukutani na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji.