Fundi na Miadi Yake



Lalamiko moja husikika katika kila mtaa wa miji yetu: fundi aliahidi kufika Jumatatu asubuhi, akatokea Jumatano alasiri, au hakutokea kabisa. Anayeumia mara nyingi si tajiri. Ni mama lishe aliyefunga kibanda chake kutwa nzima ili amfungulie mlango fundi bomba. Mauzo ya siku yamepotea, na bomba bado linavuja. Jambo hili si la kuchekea, ingawa tumezoea kulichekea.

Wengi husema kwamba fundi ni mwongo. Waongo wapo, hatukatai. Lakini anayeridhika na jibu hilo hawezi kujikinga, kwani uchelewaji mwingi hutokana na jinsi kazi yenyewe inavyoendeshwa.

Fundi anayejitegemea hana mshahara wa mwezi, na kazi za nyumba zina vipindi vya kungoja visivyoepukika. Zege hukadiriwa kufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Lipu humwagiliwa maji kwa siku kadhaa, kisha huachwa ikauke kabla ya kupakwa rangi. Katika siku hizo fundi hawezi kukaa bure, kwa hiyo huchukua kazi ya pili, na ya tatu. Lipu yako inapokuwa tayari, yeye yuko juu ya paa la mtu mwingine, na paa lililokwisha kufunguliwa haliachwi wakati mawingu ya masika yanakusanyika. Hapo lazima mmoja wenu angoje.

Sababu nyingine ni fedha, nayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote. Wewe hutoa malipo ya awali ili fundi anunue vigae. Yeye bado anadaiwa ujira wa saidia fundi wa kazi iliyotangulia, basi fedha yako hulipa deni hilo, na vigae vyako vitangoja malipo ya awali ya mteja atakayefuata. Mnyororo huo hukatika siku ambayo mteja mpya hakupatikana, na siku hiyo ndipo simu ya fundi huanza kutopatikana.

Nasi wateja tuna sehemu yetu. Fundi hufika akakuta mchanga haujaletwa, au ufunguo umebaki kwa mpangaji aliyesafiri. Hata saa hutukosesha: anayeandika "8" katika ujumbe wa simu huenda anakusudia saa mbili asubuhi, na msomaji akaelewa saa nane mchana. Andika saa kwa maneno, tena taja asubuhi au mchana.

Unapopatana na fundi, muulize waziwazi ana kazi ngapi mkononi na ipi itatangulia. Anayekujibu kwa ukweli kwamba hawezi kuanza kabla ya wiki mbili ni bora kuliko anayesema kesho. Vifaa, ukiweza, vinunue mwenyewe dukani na uhifadhi risiti. Ujira nao ulipe kwa hatua, kila hatua ikikamilika, na baki ya mwisho isiwe ndogo kiasi cha fundi kuona hapotezi kitu akiiacha.

Mapatano ya mdomo yaweza kuwa mkataba halali, lakini kuyathibitisha ni kazi ngumu. Yaandikwe, hata kwa ukurasa mmoja, na tarehe ya kumaliza itajwe. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kuna tofauti kati ya tarehe iliyotajwa tu na tarehe ambayo pande zote mbili zilikusudia kuwa ndiyo msingi wa mapatano. Kwa hiyo ya pili, mteja anaweza kuuvunja mkataba fundi asipoitimiza. Kwa hiyo ya kwanza, hudai fidia ya hasara aliyoipata. Kama tarehe ndiyo msingi, liandikeni hilo.

Tena, mteja mwenye haki ya kuuvunja mkataba kwa sababu hiyo, akikubali kazi iliyochelewa bila kutoa taarifa wakati huohuo kwamba atadai fidia, hawezi kuidai baadaye. Basi fundi anaporejea na vifaa vyake baada ya majuma mawili, kabla hujamfungulia mlango mpelekee taarifa hiyo kwa maandishi, na utunze nakala yake.