Nyumba Inayosikia Kidawida



Asubuhi ya leo, nikipita sokoni hapa Voi, mama mmoja muuza ndizi alinisalimu: “Kwawuka mana.” Nikaitika kabla sijafikiri. Simu yangu nayo ilikuwa mkononi, na haikuelewa hata silabi moja. Siku hizi tunaletewa spika za kuwekwa sebuleni, ambazo mtu huziagiza ziwashe taa au zifunge mlango. Alexa ya Amazon ilianza kuuzwa mwaka 2014, na hadi leo haijajifunza Kiswahili, sembuse Kidawida, lugha aliyonisalimia mama yule. Nyumba zetu zinapewa masikio. Swali langu ni moja: yatasikia lugha ya nani?

Msidhani nyumba janja kama hizi ni mambo ya matajiri wa Nairobi. Voi ni mji wa matangi. Bomba la chemchemi za Mzima limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, na sisi tunaoishi njiani tungali twahesabu siku za mgao. Kwangu, juu ya mfuniko wa tangi, nimefunga kidude kidogo kuliko kiberiti. Kila baada ya dakika chache hutoa mlio usiosikika kwa sikio la binadamu, mlio ukagonga uso wa maji na kurudi. Muda uliotumika kwenda na kurudi ndio unaonijulisha maji yamebaki kiasi gani. Taarifa hizo hupokelewa na kompyuta iliyo juu ya kabati, ndogo ya kuenea kiganjani, nami huzisoma kwa kivinjari cha simu. Intaneti ikikatika, kipimo hakisimami, kwa sababu taarifa hazitoki nje ya ua wangu.

Programu inayofanya kazi hiyo yaitwa Home Assistant. Aliyeianzisha, mwaka 2013, ni Paulus Schoutsen, na tangu hapo maelfu ya watu wameongeza vipande vyao. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote aweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Kabla yake nilikuwa na balbu za kampuni moja ambazo kila amri yake ililazimika kwanza kwenda kwenye seva ya ng’ambo. Kampuni ikaizima seva ile. Stima ilikuwapo, balbu zilikuwa nzima, na bado sikuweza kuziamuru tena kwa simu. Siku ile nilitambua kwamba nilikuwa nimenunua balbu, lakini swichi ilibaki kwa muuzaji.

Hata kivinjari kina kisa chake cha msimbo ulio wazi. Kampuni ya Netscape, iliyokuwa ikielemewa na Microsoft, iliutoa wazi msimbo wa kivinjari chake tarehe 31 Machi 1998. Ndipo ukazaliwa mradi wa Mozilla, na kivinjari chake, Firefox 1.0, kikatoka Novemba 2004. Mwezi mmoja tu baadaye watu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wametoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hawakumsubiri mwenye mali aone kama Waswahili wana faida kwake. Msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi, wakaingia, wakatafsiri.

Mwaka 2017 Mozilla hao hao walianzisha mradi wa Common Voice. Unafungua ukurasa kwa kivinjari, unaonyeshwa sentensi tano, unazitamka, na msemaji mwingine anasikiliza na kuthibitisha. Sauti hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuifundisha mashine. Wanyarwanda wamekwisha kutoa zaidi ya saa 2,000. Kiswahili kiliingia. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo: Kidawida nacho kimo. Mtafiti Audrey Mbogho na wenzake walifanya kazi ya mwaka mzima juu ya lugha tatu za Kenya: Kidawida, Kikalenjin na Kiluo. Walirekodi mazungumzo ya wenye lugha, wakayaandika na kuyatafsiri kwa Kiswahili. Wakarekodi pia watu wakisoma kwa sauti. Maandishi wakayaweka kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Zenodo, sauti wakaziweka Common Voice, zote wazi.

Kazi hiyo si ya mchezo. Kidawida huandikwa na w’ yenye alama pembeni, ambayo si w ya kawaida. Mtu wa Mbololo hatamki kama wa Chawia. Mashine iliyosikia msemaji mmoja tu itamwona wa pili kuwa mgeni. Whisper, programu ya kutambua usemi iliyotolewa wazi mwaka 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na Kidawida hakimo kati ya lugha zake. Kisagalla na Kitaveta, ambazo ni lugha kamili na si lahaja za Kidawida, ziko nyuma zaidi, na hilo linaniuma.

Wapo wanaoniuliza: tukitoa sauti bure, kampuni kubwa hazitazichukua? Zitazichukua. Lakini tukizificha, kampuni zitaendelea bila sisi, na mwanafunzi wa Voi atakosa cha kuanzia. Hofu yangu iko kwingine, kwa spika inayosikiliza sebule na kupeleka maneno ya familia nje. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatambua kwamba sauti inaweza kumtambulisha mtu. Ile unayoitoa kwa hiari yako, ukisoma sentensi tano, ni sadaka. Ile inayochukuliwa ukigombana na mwanao ni wizi. Wala si lazima sauti itoke nje: kompyuta ya juu ya kabati yaweza kufanya utambuzi wote wa usemi humo humo ndani.

Kwa hiyo nawaomba. Leo jioni fungueni Common Voice, mchague Kidawida, kisha mpeni nyanya simu. Msomeeni sentensi asizoweza kuziona vizuri, azirudie kwa lafudhi yake. Na watu wa Sagalla na Taveta, ofisi yangu iko wazi kuanzia Jumatatu: njooni tuanze kukusanya sentensi zenu.